Juma la Mbio na Baiskeli katika Njia ya Misafara ya Tabora

Tarehe 7 Novemba, 1857, msafara wa Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, uliingia Kazeh, mahali panapohesabiwa kuwa ndipo chimbuko la mji wa Tabora. Ilikuwa siku ya 134 tangu watoke pwani, karibu na Bagamoyo. Burton, ambaye alikuwa na desturi ya kuandika kila jambo, alikadiria kwamba walikuwa wamekwenda maili 600 kwa uchache, yaani kama kilomita 965. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kugawanya 965 kwa 134, akapata wastani wa kilomita 7.2 kwa siku.

Jibu hilo hushangaza darasa kila ninapoliandika ubaoni. Kilomita 7 ni mwendo wa saa moja na nusu tu, na wako wanafunzi wa mkoa huu wanaotembea zaidi ya hapo kwenda shule na kurudi. Je, wapagazi wa Kinyamwezi, ambao sifa yao ilienea kutoka pwani hadi Kongo, walikuwa wavivu? Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili, karibu kilo 32, na siku ya kutembea alikwenda mbali zaidi sana ya kilomita 7. Tukichukulia kwa mfano tu kwamba siku ya mwendo ilikuwa ya kilomita 18, basi safari yote ilihitaji siku 54 za kutembea. Siku 80 zilizobaki zilikuwa za kukaa.

Haitakuwa haki kudai kwamba siku zote hizo zilikuwa za mapumziko yaliyopangwa. Misafara ilikaa kwa sababu ya homa, mvua, uhaba wa chakula, na mazungumzo marefu ya hongo huko Ugogo. Tena njia hiyo ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo, ambao hawakuulizwa kama wamechoka, na hakuna anayeisimulia kwa haki akaliacha hilo. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi walio wengi walikuwa watu wa ujira, walioifanya kazi hiyo mwaka hata mwaka, nao walikuwa na kanuni zao. Kambi ya kwanza iliwekwa karibu na mji, ili miili izoee mizigo na waliosahau kitu warudi kukichukua. Waliondoka alfajiri na kutua kabla ya jua kuwa kali. Walitembea wakiimba, na kirangozi mbele ndiye aliyeshika mwendo.

Makala hii inakusudia kueleza juma moja la mazoezi ya mbio na baiskeli kwa mwanafunzi au mwalimu anayeishi Tabora, ambaye si mwanamichezo wa kulipwa, ana baiskeli ya kawaida isiyo na gia, na tayari anaweza kukimbia kilomita 8 bila kusimama. Nitalieleza kwa kutaja sababu zake za kisayansi, maana ratiba isiyo na sababu huvunjwa siku ya pili.

Kijana aliyevunjika muundi

Sababu kubwa niliipata kwa njia mbaya. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari. Alikuwapo kijana wa kidato cha tatu, mwembamba, mwenye mwendo mzuri, ambaye hakuwa amepata kufanya mazoezi ya mpango. Mwezi wa Aprili alianza kukimbia kila siku, akijiandaa kwa mashindano ya UMISSETA. Juma la kwanza alihema sana. Juma la tatu hakuhema tena. Nilimsifu mbele ya wenzake, nikamwongezea umbali.

Katika juma la tano alianza kushika muundi wa mguu wa kulia kila alipomaliza kukimbia. Wenzake walimkumbusha habari za John Stephen Akhwari, mwanariadha wetu aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea hadi uwanjani akiwa wa mwisho, baada ya saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wakati watazamaji wengi walikuwa wamekwisha ondoka. Kijana yule naye akaendelea. Juma la sita alisimama katikati ya uwanja, akaketi chini. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu. Ya pili, iliyopigwa baada ya majuma mawili, ilionyesha ufa katika mfupa. Hakushiriki mashindano yale, na muhula uliofuata aliuanza kwa magongo.

Akhwari anastahili heshima aliyopewa na ulimwengu. Hata hivyo, ile ilikuwa siku moja, mwisho wa maandalizi ya miaka, na mbele yake palikuwa na mstari wa kumalizia. Kijana wetu hakuwa katika mashindano. Alikuwa katika mazoezi, ambako hakuna mstari wa kumalizia, na mtu mzima aliyepaswa kumzuia alikuwa mimi.

Kwa nini pumzi humdanganya mkimbiaji

Mwili haujijengi wote kwa kasi moja. Mtu anapoanza mazoezi ya kukimbia, jambo la kwanza kubadilika ni damu yake. Katika muda wa juma moja au mawili sehemu ya majimaji ya damu, iitwayo plazima, huongezeka. Moyo hupata damu nyingi zaidi ya kusukuma katika kila pigo, kwa hiyo hauhitaji kupiga mara nyingi kama awali. Mkimbiaji hujiona mwepesi. Baada ya hapo, katika majuma kadhaa, misuli huongeza mitokondria, yaani vile viwanda vidogo ndani ya seli ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni, na mishipa midogo ya kapilari huongezeka kuizunguka misuli hiyo.

Mfupa huenda kwa saa yake yenyewe. Wanafunzi wengi huudhania kuwa kitu kikavu kama mti wa mlango, kumbe mfupa ni tishu hai, unaobomolewa na kujengwa maisha yote. Unapopata mtikiso mpya usiouzoea, seli za kubomoa hutangulia: hula sehemu zilizochakaa kwa muda wa majuma kama matatu. Ndipo seli za kujenga huja kujaza mashimo hayo, na kazi yao huchukua miezi mitatu hivi. Kwa maneno mengine, mfupa unaotayarishwa kuwa imara zaidi hupita kwanza katika kipindi cha udhaifu. Fundi anayebadilisha nguzo za nyumba hulazimika kuondoa ya zamani kabla ya kusimamisha mpya, na ni hapo katikati ambapo dhoruba ikija nyumba huanguka.

Sasa tazama tarehe za kijana yule. Juma la tatu pumzi ilikuwa imetulia, nasi tukamwongezea kazi wakati uleule ambapo mfupa wake ulikuwa umebomolewa na haujajengwa. Pumzi ilisema ndiyo, na muundi haukuwa na sauti ya kusema hapana.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Mtu anapotembea, wakati wote mguu mmoja uko ardhini, na nguvu inayoupata huzidi uzito wake kidogo tu. Anapokimbia, miguu yote miwili huwa hewani kwa muda mfupi, halafu mmoja hupokea mwili unaoshuka. Nguvu hiyo huwa kati ya mara mbili na mara tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60, tuchukue mara mbili na nusu: ni sawa na kubebeshwa kilo 150 kwa kila hatua. Katika kilomita moja ziko hatua kama 1,000 za mwendo wa taratibu, 500 kwa kila mguu. Kilomita 10 ni hatua 5,000 kwa mguu mmoja, na jumla ya mapokezi hayo ni tani 750.

Hapo ndipo baiskeli inapoingia katika habari hii. Mwendesha baiskeli hubebwa na tandiko. Mguu wake husukuma pedali kwa mviringo, bila kupokea pigo la kutua. Moyo wake, hata hivyo, haujui tofauti: ukitakiwa kusukuma damu kwenda katika mapaja yanayofanya kazi, husukuma, na hujengeka. Baiskeli basi hutuwezesha kuendelea kuufundisha moyo katika siku ambazo mfupa unajengwa. Kwa mtoto wa Tabora, ambako baiskeli hubeba mkaa, maji, magunia ya karanga na wageni wa harusi, chombo hiki kipo tayari nyumbani. Kilichobaki ni kukipangia siku.

Juma lenyewe

Tuanze na Jumamosi, kwa kuwa ndiyo nguzo ya juma zima. Mkimbiaji huondoka mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akashika njia ya Kwihara, ambako tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 limetengenezwa kuwa makumbusho. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 12. (Anayetoka Dar es Salaam huona kwamba jua la Tabora huchelewa. Hesabu ni rahisi: tuko nyuzi 6 na zaidi za longitudo upande wa magharibi, na kila nyuzi moja ni dakika 4.) Njiani ataona miembe mikubwa, ambayo wenyeji husimulia kwamba mingine ilimea kutokana na kokwa walizotupa watu wa misafara.

Mwendo wa Jumamosi uwe wa polepole hata kuonea haya. Kama kilomita moja inachukua dakika 6 na nusu, hakuna ubaya. Kipimo kizuri kuliko saa ni kinywa chako mwenyewe. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, misuli yako inapata oksijeni ya kutosha, na inaunguza mafuta pamoja na sukari. Ukiweza kusema neno moja moja tu, umekwenda kasi kupita lengo la siku. Kirangozi hakuwa na fiziolojia ya vitabuni, lakini msafara unaoimba ni msafara ulio ndani ya kipimo hiki, na wimbo unapokatika kwenye mlima kila mtu husikia. Wanafunzi wakikimbia kwa kundi, waimbe. Nimejaribu, na inafaa kuliko filimbi ya mwalimu.

Wengi huharibu Jumamosi kwa kuanza kasi. Yamkini sababu mojawapo ni sifa za Filbert Bayi. Alipoivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari, 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, Bayi aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, na tangu hapo kila mtoto wa Tanzania hutaka kuongoza tangu mwanzo. Bayi aliyafanya hayo katika mbio zisizofika dakika 4, tena baada ya maandalizi makubwa. Katika mbio ndefu mfano bora ni wa Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba, 2025, huko Tokyo, alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Aliyemfuata alipewa muda uleule, kwa kuwa walitenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Mtu aliyemaliza nguvu zake katika kilomita za kwanza hawezi kuwa na mbio za mwisho za namna ile.

Jumapili ni baiskeli ya taratibu, kilomita 20 hivi, alasiri baada ya ibada au kazi za nyumbani. Misuli iliyochoka husaidika kwa damu inayopita, na maumivu ya Jumamosi hupungua. Hapa ni vizuri kusahihisha jambo ambalo bado limo katika baadhi ya vitabu vya zamani vya maktaba zetu, kwamba maumivu ya kesho yake husababishwa na asidi ya laktiki iliyobaki katika misuli. Sivyo. Laktiki huondoka katika muda wa saa moja au mbili baada ya mazoezi, tena moyo na misuli huitumia kama chakula. Maumivu ya kesho hutokana na michubuko midogo sana ya nyuzi za misuli, hasa kwa mtu aliyekimbia kwenye mteremko.

Jumatatu hakuna mazoezi. Jumanne jioni, jua likipungua, ni siku ya kasi. Baada ya kilomita 2 za kupasha mwili moto, mkimbiaji hukimbia mita 400 mara 6 katika uwanja wa shule, na kila baada ya mzunguko hutembea au hukimbia polepole mita 200. Kasi iwe ile anayoweza kuirudia katika mzunguko wa sita kama alivyofanya katika wa kwanza. Mwalimu aandike muda wa kila mzunguko: orodha inayoongezeka, mathalan sekunde 84, 86, 91, 97, huonyesha kwamba ya kwanza ilikuwa ya majivuno. Kazi hii huufundisha moyo kufika karibu na upeo wake kwa vipindi vifupi. Pamoja na kilomita ya mwisho ya kutuliza mwili, jumla ni kama kilomita 7.

Jumatano ni baiskeli ya saa moja, na siyo ya mchezo. Chagua barabara ya lami yenye magari machache, panda taratibu kwa dakika 15, halafu sukuma kwa nguvu dakika 5 mara nne, ukipumzika dakika 5 kila mara kwa kuendesha polepole. Kabla ya yote rekebisha tandiko. Ukiweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Hapo ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunjika kidogo tu. Wengi wetu huendesha baiskeli za baba au kaka zilizo fupi au ndefu mno, kisha hulaumu magoti. Baiskeli isiyo na gia ni mwalimu mzuri wa fizikia: upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, na nguvu inayohitajika kuushinda huongezeka kwa mchemraba, kwa hiyo ukitaka kwenda kasi maradufu dhidi ya hewa unahitaji nguvu mara nane. Kwenye mchanga mzito wa njia za vijijini hesabu hubadilika, maana hapo adui ni ardhi. Chukua pampu na viraka, kwa ajili ya miiba, na ukae pembeni mwa barabara, kwa ajili ya malori na pikipiki.

Alhamisi ni kilomita 6 za kukimbia polepole, na hapana la kuongeza. Ijumaa ni mapumziko.

Msomaji atakuwa ameona mpango uliojificha humo. Siku za kukimbia ni tatu, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na hakuna mbili zinazofuatana. Jumla ni kilomita 25 tu. Majaribio ya wanyama katika maabara yameonyesha kwamba seli za mfupa zikitikiswa mfululizo huzoea upesi na kuacha kuitikia. Zikipewa saa kadhaa za utulivu huwa sikivu tena. Kilomita zilizogawanywa kwa siku zenye nafasi kati yake hujenga mfupa vizuri kuliko zilizorundikwa. Umbali ukiongezwa, desturi ya wakufunzi wengi ni kutozidi sehemu moja ya kumi kwa juma, na kila juma la nne kupunguza. Hiyo ni desturi na si sheria ya maumbile, lakini ingemwokoa kijana wangu.

Joto, maji na chakula

Kwa nini alfajiri? Tuhesabu tena. Kukimbia hutumia takriban kilojuli 4.2 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 60 akienda kilomita 12 hutumia 60 × 12 × 4.2, yaani karibu kilojuli 3,000. Misuli hugeuza kama sehemu moja ya tano ya nishati hiyo kuwa mwendo, na iliyobaki, kilojuli 2,400, huwa joto. Kilo moja ya mwili huhitaji kilojuli 3.5 hivi ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa mwili wa kilo 60 ni kilojuli 210. Basi joto lote lile lingebaki ndani, mwili ungepanda nyuzi 11, na mtu angekufa kabla ya kufika Kwihara.

Kinachomwokoa ni jasho. Lita moja ya jasho inapovukizwa huchukua karibu kilojuli 2,400, kiasi kilekile tulichokipata. Lakini jasho linalodondoka chini halichukui kitu; sharti livukizwe juu ya ngozi. Katika mwezi wa Oktoba, ambao ndio mwezi wa joto kali Tabora, hewa kavu huvukiza upesi, ila jua lenyewe huongeza joto mwilini. Mvua zinapoanza Novemba, hewa huwa na unyevu na jasho hudondoka bure. Nyakati zote mbili jibu ni lile la misafara: kuwa umekwisha tua kabla jua halijapanda. Kunywa maji kabla ya kuondoka, na urudishe uliyopoteza katika saa zinazofuata. Mtu anayeacha kutoka jasho, anayepepesuka au kuongea ovyo wakati wa joto, awekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na apelekwe hospitali bila kungoja.

Sukari ya misuli na ini, iitwayo glikojeni, ni kama gramu 400 hadi 500 tu kwa mtu mzima, na baada ya kazi ndefu kuijaza tena huchukua siku moja au mbili za kula vizuri. Ndiyo sababu nyingine ya Jumatatu na Ijumaa. Chakula cha Unyamwezi kinatosha: ugali, maharage, karanga, dagaa, mboga za majani, viazi vitamu vibichi au vilivyokaushwa kuwa michembe na matobolwa. Asali ya misitu ya miombo ni sukari nzuri, lakini haichukui nafasi ya mlo.

Jambo moja walimu huliona haya kulisema, nami nitalisema. Msichana anayefanya mazoezi na hedhi yake ikakatika kwa miezi asihesabu hiyo kuwa dalili ya ukakamavu. Mara nyingi maana yake ni kwamba chakula hakitoshi kwa kazi anayoifanya, na mwili umepunguza homoni ambazo hulinda mifupa. Msichana huyo yumo katika hatari ileile ya ufa wa mfupa, na anahitaji chakula zaidi, mazoezi machache na ushauri wa mganga. Upungufu wa madini ya chuma pia huwapata wasichana kuliko wavulana, na humfanya mtu achoke bila sababu ya wazi.

Kijana wa muundi alirudi mwaka uliofuata kwa ratiba iliyo karibu na hii, akitumia baiskeli ya mjomba wake. Alikuwa wa tano katika mita 5,000. Mguu haukumwuma.

Kazi kwa darasa

1. Kila mwanafunzi ahesabu mapigo ya moyo wake kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, kwa sekunde 30, azidishe kwa mbili, na achore grafu ya siku 14. Ikiwa mapigo yamezidi wastani wake kwa 8 au 10 asubuhi mbili mfululizo, achunguze: je, amelala vibaya, ana homa, au amefanya mazoezi kupita kiasi? Siku hiyo asikimbie.

2. Jipime uzito bila viatu kabla na baada ya kukimbia kilomita 6. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji. Rudieni katika Julai na Oktoba, mlinganishe.

3. Kwa kutumia uzito wako mwenyewe, tafuta kiasi cha joto kinachotokana na kilomita 8, na kiasi cha jasho linalopaswa kuvukizwa ili kukiondoa.

4. Mwaka 1986 Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake walitangaza kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo waliweza kubeba hadi sehemu ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia oksijeni zaidi ya walipotembea mikono mitupu. Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi wa kilo 55 ulikuwa sehemu gani ya uzito wake? Waulizeni bibi zenu jinsi wanavyotembea na ndoo kichwani, muwatazame hatua zao, na muandike mlichoona.